Ndoo mbili au chupa ya kupulizia: kuosha gari Dodoma wakati wa kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma huwa mkavu na wa baridi, na gari lililolala nje huamkia vumbi jekundu; asiye na mpira wa maji ana njia mbili. Chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo hutumia maji machache mno na haigandishi vidole, lakini inafaa kwa vumbi jepesi tu, kwa kuwa kitambaa hukokota mchanga juu ya rangi na kuacha mikwaruzo.

Mimi huchagua ndoo mbili, moja ya maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji safi ya kusuuzia sifongo baada ya kila sehemu. Chungulia ndani ya ndoo hiyo ya pili, kwenye kitako chake, uone mchanga ambao ungerudi kwenye mlango wa gari. Anza na paa, malizia na magurudumu. Gharama yake ni maji mengi zaidi, jambo zito siku za mgao. Na kwa kuwa maji ya visima vingi hapa yana chumvi, kausha papo hapo kwa taulo laini, hasa vioo, kabla jua la saa nne halijaacha madoa meupe.