Kitulo mwezi wa pili: nendeni na sweta

Tulipanda Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kutoka mji mdogo wa Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba. Mama yangu alizihesabu hadi thelathini hivi, kisha akafumba macho. Gari tuliyokodi ilikuwa na matairi yaliyokwisha kabisa, na dereva hakutuambia. Kagueni matairi kabla hamjalipa.

Huko juu, karibu mita 2,600, ni nyasi na maua hadi macho yachoke. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Zamani sehemu ya uwanda huu ilikuwa malisho na mashamba, na watu walichimba viazi vya okidi, aina ya maua ya huku, ili vipelekwe Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Hapa hutembei ndani ya gari, unatembea kwa miguu. Nilipiga magoti mbele ya okidi moja ya waridi, fupi kuliko kidole changu, petali ya chini ina vidoadoa kama imenyunyiziwa wino, na tone la umande halijadondoka. Nilikaa pale dakika kumi. Mama akaniita mara tatu.

Ukitaka simba, hapa sipo. Ukipenda maua na ndege, njoo kati ya Desemba na Aprili, ubebe koti la mvua na viatu vya kukanyagia tope. Mchana tulipigwa na mvua ya baridi kali, na chai ya tangawizi kwenye chupa ndiyo iliyotuokoa. Mwakani namleta binti yangu.