Cry Wolf ya Patricia Briggs: mapenzi yasiyolazimisha imani

Riwaya nyingi za mapenzi zenye watu wanaogeuka wanyama huwa na haraka: mnyama aliye ndani ya mwanamume humtambua mwenzake kwa harufu, na baada ya kurasa chache mambo yamekwisha. Cry Wolf, ya Mmarekani Patricia Briggs, iliyotoka mwaka 2008, nayo ina mvuto huo wa ghafla, ila inathubutu kuuliza mwanamke aliyeteswa na kundi lake mwenyewe atamwaminije mwanamume mwenye nguvu kuliko wote waliomtesa.

Anna Latham aligeuzwa mbwamwitu bila ridhaa yake, akadhalilishwa kwa miaka mitatu na kundi la Chicago. Charles Cornick ni mwana wa Bran, mkuu wa mbwamwitu wote wa Amerika Kaskazini, na kazi yake ni kuwaadhibu, hata kuwaua, wanaovunja sheria.

Kilichonigusa zaidi ni namna Briggs anavyoitofautisha nafsi ya mtu na ya mnyama. Mbwamwitu wa Anna anamridhia Charles mapema, ilhali Anna mwenyewe bado ana woga uliojengeka mwilini. Charles, ambaye amezoea kuogopwa na kwake ukimya ni jambo la kawaida, analazimika kujifunza kusema yaliyo moyoni, kwa maana ukimya huo mtu aliyeumizwa huuchukulia kuwa ni hasira. Hata shauku yake ya kuona Anna anakula akashiba, baada ya maisha ya nusu njaa huko Chicago, kwangu ina uzito kuliko mabusu yote ya kitabu hiki. Wala Anna si mnyonge wa kuokolewa tu: yeye ni Omega, aliye nje ya ngazi za utii za kundi, na uwepo wake huwatuliza mbwamwitu wakali, akiwemo yule aliye ndani ya Charles, ambaye hajapata kupumzika kwa muda mrefu.

Safari yao katika theluji ya milima ya Cabinet, Montana, huku Charles akiwa na majeraha ya risasi za fedha yasiyopona upesi, imeandikwa vizuri sana, kwa kuwa uchovu na baridi vinawalazimisha kutegemeana. Mchawi wanayemkabili hakuniridhisha kiasi hicho. Sehemu yake inaharakishwa, na nafasi hiyo ningependa apewe Asil, mbwamwitu mzee aliyemwendea Bran kuomba kifo.

Atakayeisoma aanze na hadithi fupi Alpha and Omega, iliyomo katika mkusanyiko On the Prowl wa mwaka 2007, kwani ndimo wawili hawa wanamokutana, na riwaya inaendelea pale pale ilipoishia. Ubakaji aliofanyiwa Anna unatajwa waziwazi, hivyo kitabu hiki kinawafaa watu wazima.