Uzoefu wangu: kupata dawa ya tezi ya dozi ndogo (25) nikiwa Ukerewe

Kwa wenye haraka: dawa yenyewe naipa nyota tano, upimaji nyota tatu, kuipata dozi ya 25 huku kisiwani nyota moja, na famasi ninayoitumia sasa Mwanza mjini naipa nne. Sababu ya kuinyima ya tano nitaisema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nansio. Dawa ninayoizungumzia ni levothairoksini, homoni ya tezi ya shingo inayotengenezwa kiwandani, unameza kidonge kimoja kwa siku. Baadhi yenu mtakuwa mnaijua kwa majina ya kwenye boksi, Euthyrox au Eltroxin. Mimi nimeandikiwa mikrogramu 25. Hiyo ni dozi ya kuanzia kwa wengi ambao tezi yao imelegea bila kufa kabisa, na vilevile kwa wazee na wenye matatizo ya moyo, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole haufai kushtuliwa. Mtu aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji huhitaji nyingi zaidi, kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa hiyo shoga yangu aliponiambia "mbona wamekupunja, mwenzio anakunywa mia", nilimwacha aongee.

Huku kanda ya ziwa ukienda hospitali ukasema umechoka, utapimwa malaria, taifodi, kichocho na wingi wa damu. Ni haki yao, magonjwa hayo tunayo. Vyangu vyote vikarudi safi isipokuwa damu iliyokuwa chini kidogo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nipumzike. Kupumzika! Nilikuwa nasinzia juu ya madaftari na kalamu nyekundu mkononi, wino unachora mstari hadi ukingoni mwa ukurasa. Nywele zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, na usiku upepo wa ziwa ukivuma mimi nina mablanketi mawili wakati wanangu wamejifunika kanga tu.

Aliyeitaja tezi kwanza alikuwa daktari mmoja wa Mwanza, mama wa makamo, ambaye alinishika shingo kabla hajashika kalamu. Alisimama nyuma yangu, vidole kooni, akasema meza mate. Nikameza. Tena. Rovu hakuna, akasema, lakini tupime. Akaandika TSH na T4.

Namna ya kuyasoma majibu, maana wengi hushtuka wakiona namba iko juu wakadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. TSH haitoki kwenye tezi, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kwenda kuihimiza tezi. Tezi ya shingo ikilegea, kile cha chini ya ubongo kinazidi kuihimiza, na TSH inapanda. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 hivi kuwa kawaida. Yangu ilivuka 10 na T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa chini kidogo ya mstari. Baadaye nikapimwa pia kama kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi, ikaonekana ndivyo.

Mama yangu hakukubali. Yeye alisema ni ugali wa muhogo tunaokula tangu tuzaliwe. Nikampelekea daktari swali hilo kama lilivyo. Akajibu kwamba muhogo usioandaliwa vizuri, kwa mtu asiyepata madini joto ya kutosha, kweli unaweza kuchangia rovu, ndiyo maana chumvi ya dukani inawekwa madini joto. Ila kwa aina yangu, kujijazia madini joto ya ziada hakuniponyi, na kunaweza hata kuizidishia tezi shida. Ugali wa udaga naendelea nao.

Kilichoniudhi kwenye upimaji ni bei na mzunguko. TSH peke yake ilinitoka fedha nyingi kuliko dawa ya miezi miwili. Mwenye bima aulize dirishani kabla hajakunja mkono wa shati, kwa sababu majibu ya "hiki kipo, hiki hakipo" hubadilika. Jambo moja nalisifia: mtaalamu wa maabara aliniuliza kama natumia vidonge vya kukuza nywele. Nilikuwa natumia, nani asingetumia? Akasema vingi vina biotini, aina ya vitamini, na biotini inaweza kuvuruga mashine za kipimo hiki ikatoa majibu ya uongo. Akanirudisha hadi siku kadhaa zipite bila vidonge hivyo. Nikaenda kulala kwa mdogo wangu Igoma nikimlaumu kimoyomoyo yule mtaalamu, lakini alifanya kazi yake.

Sasa dawa. Hii ni ya cheti. Maduka ya dawa niliyoulizia Nansio hawakuwa nayo ya dozi yoyote. Famasi ya kwanza niliyoingia mjini, sitaitaja, kijana wa kaunta alitupia cheti jicho, akaweka boksi la 100 mbele yangu.

"Mama, 25 hatuna. Chukua hii, unaikata mara nne, inakutoka rahisi."

Nikamwambia anionyeshe. Kidonge chenyewe ni kidogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Akachukua wembe, akakata nusu, safi. Kukata nusu ile tena, kipande kimoja kikaruka chini ya kabati na kingine kikabaki na unga pembeni. Akacheka, mimi nikachukua cheti changu nikaondoka.

Famasi ya pili iko mtaa wa nyuma tu, ndogo, feni moja. Mfamasia ni binti ambaye nadhani hajafika miaka thelathini. Alikisoma cheti mara mbili, akauliza, "Shikamoo mwalimu, daktari amekuambia dozi gani kwa mdomo?" Nikamwambia ishirini na tano. "Ishirini na tano ya nini?" Hapo sikuwa na jibu. Mwandiko wa daktari ulikuwa unasomeka kama miligramu, na miligramu moja ni mikrogramu elfu moja. Binti akapiga simu namba iliyokuwa kwenye mhuri, akathibitisha, akaandika upya pembeni kwa herufi kubwa na kuweka sahihi yake. Kwa dakika zile chache nilishaamua dawa yangu nitanunua hapo.

Alikuwa na 50 zenye mstari katikati. Akaeleza kwamba hizo zinakatika nusu bila shida, na kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, hupungua hadi nusu baada ya kama wiki moja, kipande kikizidi kidogo leo na kupungua kesho hakileti maafa. Robo ndiyo hakuitaka kuisikia. Nikaanza na nusu za 50, yeye akaniagizia boksi za 25 kutoka kwa muuzaji wa jumla.

Utaratibu wetu sasa: nampigia dawa ikiwa imebaki ya wiki mbili, nalipa kwa simu, anaifunga na risiti, naifuata mwenyewe au jamaa yangu anayesafiri na meli ya Nansio ananiletea. Anasisitiza isikae juani wala kwenye mzigo uliolowa, maana joto na unyevu vinaiharibu. Anajitahidi kunipa kampuni ileile kila mara. Nilidhani ni ushabiki wa kampuni, kumbe kuna sababu: Ufaransa mwaka 2017 vijazio tu vya dawa hii, yaani vile visivyo dawa vinavyojaza kidonge, vilibadilishwa, homoni ikabaki ileile, na wagonjwa wengi sana walilalamika. Anasema ikibidi kubadili kampuni, nimwambie daktari na nipime tena. Na bila majibu ya karibuni ya TSH hanipi mzigo mkubwa hata nikibembeleza.

Nyota ya tano nimemnyima kwa mambo mawili. Bei hubadilika na hasemi mpaka nimeshauliza. Halafu Jumapili wamefunga, na mwalimu wa kisiwani akipanda meli Jumamosi siyo kila mara atafika wakiwa bado wapo.

Kuhusu kuitumia: naimeza saa kumi na moja alfajiri kwa maji matupu, ndipo naanza shughuli za nyumbani. Chai ya maziwa inasubiri saa nzima. Hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko ugonjwa, nimezoea kuamka na kikombe. Vidonge vya kuongeza damu lazima vikae mbali, angalau saa nne, kwa hiyo navinywa jioni. Uji wa lishe wenye soya nao siunywi asubuhi, soya huzuia dawa kuingia vizuri. Wanaotumia dawa za vidonda vya tumbo wamwambie daktari. Mwenye mimba au anayeitafuta asingoje kliniki ijayo, dozi huwa inapanda na mtoto anaitegemea.

Usitarajie miujiza. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaamini nimeuziwa chaki. Baridi ndiyo ilitangulia kuondoka, kisha choo, usingizi wa mchana ukafuata polepole. Nywele bado. Kipimo cha kurudia hufanywa baada ya wiki sita hadi nane, kabla ya hapo unapoteza hela tu.

Uzito haujashuka hata kidogo, na hapa niseme kwa ukali kidogo. Wapo wanaoitafuta dawa hii ili wapungue mwili wakati tezi yao ni nzima. Nimemwona dada mmoja pale pale kaunta akiomba "zile za tezi za kukata tumbo", hana cheti. Binti alimkatalia, yule dada akasusa akatoka. Ukiinywa bila kuihitaji unaupeleka moyo mbio na kuilegeza mifupa yako, na tumbo linaweza kubaki palepale.

Kipimo changu cha mwisho TSH imeshuka, ila haijaingia ndani ya mstari, na daktari amesema huenda akanipandisha hadi 50. Kwa ugonjwa sijui nifurahi au ninune, lakini kwa upatikanaji ni nafuu kubwa: 50 nimezikuta karibu kila famasi niliyoingia mjini.