Saa ya Kiswahili ndani ya simu: uzoefu wangu wa miezi minne na saa ya Tokyo

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia saa ya dunia, ile sehemu ya programu ya saa inayokuja na simu karibu zote na kuonyesha saa ya mji wowote utakaouchagua, kwa kazi ambayo sidhani kama walioiunda waliikusudia. Hapa kwetu Chake Chake inatuonyesha saa kwa hesabu yetu wenyewe.

Nilianza kutafuta njia hii baada ya shangazi yangu kuachwa na boti ya Unguja. Tiketi yake iliandikwa 07:00, naye akaelewa kuwa safari ni saa saba ya mchana. Alipofika bandari ya Mkoani saa sita, boti ilikuwa imeshaondoka tangu asubuhi, na nauli haikurudishwa. Shangazi anajua kusoma saa vizuri. Saa ya ukutani, akrabu fupi ikisimama kwenye 7, yeye husema saa moja bila kufikiri, kwa sababu tangu skuli alizoea kutazama akrabu ilipo na kutaja namba inayoikabili upande wa pili. Sura ya mviringo inaruhusu usomaji huo. Tarakimu zilizochapishwa peke yake haziruhusu, kwani hazina upande wa pili. Hata nilipobadilisha lugha ya simu yangu kuwa Kiswahili, majina ya siku na miezi yalikuja sawasawa, lakini saa moja ya asubuhi ilibaki kuandikwa 7:00.

Kwanza nilirudisha nyuma saa ya simu yenyewe kwa saa 6, kama wazee wengine wanavyofanya na saa zao za mkononi. Simshauri mtu kufanya hivyo kwenye simu, maana ujumbe ulianza kupangika ovyo na programu moja ikakataa kufunguka mpaka nirekebishe tarehe na saa. Ndipo nikaigeukia saa ya dunia, ambayo haigusi saa halisi ya simu. Sisi tuko saa 3 mbele ya wakati wa Greenwich, na Buenos Aires iko saa 3 nyuma yake, kwa hiyo kwetu ikiwa 7:00 asubuhi kule ni 1:00. Saa zilikubali, lakini siku hazikukubali, kwa kuwa tarehe ya Buenos Aires hubadilika kwetu ikiwa saa kumi na mbili ya asubuhi.

Tokyo iko saa 9 mbele ya Greenwich, yaani saa 6 mbele yetu, na Japani haisogezi saa zake kwa kufuata majira, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima. Kwetu ikiwa 7:00 asubuhi, Tokyo ni saa 1:00 ya mchana. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba usiku wa manane wa Tokyo ni saa kumi na mbili ya jioni hapa Pemba, na hapo ndipo tarehe inapogeuka. Sisi tunaanza siku kwa magharibi. Mtu akialikwa kisomo usiku wa Ijumaa, anajua kwamba ni ule usiku unaofuata mchana wa Alkhamisi. Alkhamisi moja, baada ya sala ya magharibi, niliitazama simu na kukuta imeshaandika Ijumaa. Nilikaa nikiitazama kwa muda, kwa kuwa sikuwahi kuona kifaa chochote kinachotaja siku kama bibi yangu alivyokuwa akiitaja.

Haikosi kasoro. Tarehe inageuka kabla ya adhana, kwa sababu wakati wetu umepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko magharibi ya mstari huo, hivyo jua letu huchelewa kuzama. Alama za AM na PM huja kinyume, na kwa ajili hiyo nimechagua sura ya akrabu badala ya tarakimu. Kasoro kubwa ni kengele ya kuamshia: haifuati saa ya dunia, na anayetaka kuamka saa kumi na nusu ya alfajiri bado hana budi kuiandikia 4:30. Jina la Tokyo pia sikuweza kulibadilisha. Hesabu hii inatumiwa na mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki, na Waethiopia nao wana yao inayofanana nayo, kwa hiyo naamini inastahili kuwekwa kwenye simu kwa jina lake, pamoja na kengele yake.

Hata hivyo, kwa kitu kisicholipiwa na kisichohitaji intaneti kikishawekwa, nakipendekeza kwa kila nyumba yenye wazee. Shangazi nimemwekea kwenye uso wa simu yake. Tiketi yake ya wiki ijayo imeandikwa 07:00 tena, na pembeni yake ameshaandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa: SAA MOJA.