Kamera za filamu za kusafiri nazo: ipi ununue, ipi uiache

Wakuu, naona siku hizi watu wengi wanazitafuta hizi kamera za zamani za kutembea nazo safarini na swali ni lile lile, ninunue ipi. Kwangu mimi jina la kamera si hoja, angalia betri na uzito, manake ukiwa Lamu au Kigoma betri ikaisha na duka la kuiuza hakuna ndo basi tena, unabaki umebeba chuma. Nimezipanga kwa kigezo hicho tu, mpiga picha wa studio ana mambo yake.

Namba moja ni Olympus Trip 35 na hapo sibishani na mtu. Ilitoka 1967 ikatengenezwa mpaka 1984 na haitumii betri kabisa, ile duara ya vioo vidogo vidogo kuzunguka lenzi ni seli ya seleniamu, yaani mwanga wenyewe ndo unaendesha mita, kile kipima mwanga cha kamera. Unaweka kwenye A, yaani otomatiki, unachagua umbali kwa vile vialama vinne, kichwa kimoja, watu wawili, kundi, mlima, unabonyeza, kwisha. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe asubuhi raha yake utaijua, mzee kakaa barazani na kahawa yake unamwomba, anakubali, unapiga moja, hakuna skrini ya kuchungulia wala "hebu nione, aa nimefumba macho, rudia". Una picha 36 tu kwenye roli kwa hiyo unaanza kuchagua, unasubiri baiskeli ipite, unaangalia kivuli kinaangukia wapi, na hapo ndo safari inapokolea kwa kweli. Ubaya wake ni jioni, ISO, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga, inaishia 400 na lenzi ni f/2.8, ndo mwisho wa tundu lake kufunguka, mwanga ukipungua kinachomoza kibendera chekundu kwenye kitundu cha kuchungulia na kamera inagoma. Kibendera hicho hicho ndo kipimo chako wakati wa kununua: ukiwa kwenye A penye jua inatakiwa ipige, ukiziba lenzi yote na kiganja inatakiwa igome. Ikishindwa mojawapo mrudishie mwenyewe.

Namba mbili Pentax K1000, 1976 mpaka 1997. Hii ina kabetri kadogo ka LR44 lakini ni ka mita tu, kakifa shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, inaendelea kupiga kama kawaida. Ukiwa ufukweni jua kali na filamu ya ISO 400 weka tundu la lenzi f/16 na shata 1/500 ya sekunde utapata picha, mita ya nini. Jambo moja, mita yake haina swichi ya kuzima kwa hiyo usipofunika lenzi betri inaliwa mkobani kimya kimya. Ni nzito kuliko Trip, mchana kutwa shingo itaisikia.

Olympus XA ya 1979 naiweka ya tatu japo ndo ndogo kuliko zote hapa, gramu 225 hivi, inaingia mfuko wa shati na fokasi unarekebisha mwenyewe. Bila betri haipigi hata moja, ndo iliyoiangusha. Angalau betri zake ni LR44 mbili, hata fundi saa anazo.

Canon AE-1 ndo kila mtu anaitaka na ndo maana bei imepanda bure. Kamera nzuri sana, sikatai, ila bila betri yake ya volti 6 shata haifunguki, na betri hiyo si ya kuipata kila kona. Ukiing'ang'ania beba mbili za akiba.

Zenit E ya Urusi ni ya mwisho, ukiipima pamoja na lenzi yake ya Helios inakaribia kilo. Bei poa, picha zina uzuri wake, ila safari ya daladala na boti hapana.

Yoyote utakayochukua, fungua mgongo uguse sponji za kuzuia mwanga, zikinata kama lami bajeti hela ya fundi. Mulika lenzi na tochi ya simu, ukiona nyuzi nyuzi ndani huo ni ukungu wa kuvu, na joto na unyevu wa pwani ndo chakula chake. Muuzaji akiandika "haijajaribiwa" wewe soma "mbovu".

Airport filamu usiweke kwenye begi la chini, mashine za huko zina nguvu zinaiunguza, beba mkononi na uwaombe kwa upole waikague kwa mkono hasa wakiwa na zile skana mpya za CT. Na kabla hujalipia kamera ulizia kwanza nani atakusafishia picha, studio nyingi zilishahamia digitali zamani, ukimpata mwambie mapema negativu, yaani filamu zenyewe zilizosafishwa, unazitaka, wapo wanaoskani halafu wanazitupa.