UPS ndogo ya ruta: kabla hujanunua, jua ruta yako inakula wati ngapi

Mambo vipi wadau, leo mezani nina hii UPS ndogo ya ruta, zile zimejaa Kariakoo kule mtaa wa Aggrey, umeme ukikatika waifai haikatiki. Nimeipenda kwa kweli, ila kuna kitu wauzaji hawakwambii na kinaniuma maana watu wanamwaga hela.

Tazama kibandiko hapa, 10,000 mAh, yaani ujazo wa betri, sawa na amp-saa 10. Hiyo namba ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, siyo ya volti 12 zinazotoka kwenda kwenye ruta, kwa hiyo ukizidisha 10 kwa 3.7 unapata wati-saa 37, ukitoa zinazopotea kwenye kupandisha volti umebaki na kama 30 hivi. Sasa ruta inayokula wati 10 inakaa masaa matatu, inayokula wati 6 inakaa masaa matano, na betri ni ileile! Yaani badala ya kukimbilia UPS kubwa, punguza kwanza ulaji wa ruta.

Unapunguzaje? Ingia kwenye setingi za ruta. Ruta nyingi zina redio mbili, ya 2.4 na ya 5GHz, ile ya 5 ina kasi lakini kuta za tofali zinaisumbua, na kama kwako kuna simu mbili tatu na zote ziko kwenye 2.4 basi redio ya pili inawaka bure usiku na mchana. Nimechomeka mita hapa kwenye soketi, naizima redio ya 5GHz sasa hivi, subirini kidogo... eeh, mmeona? Ilikuwa wati 8, sasa inacheza kwenye 6. Kwa mwezi hiyo inatoka karibu uniti 6 za LUKU inafika kama 4 na kitu, kwa nyumba moja siyo nyingi lakini fikiria ofisi pale Posta yenye ruta kama hizi ishirini darini na saa nane usiku hakuna mtu! Na ruta haitulii hata kama hamna mtumiaji, inatangaza jina lake kama mara kumi kila sekunde, kwa hiyo wekeni ratiba redio zijizime usiku.

Wale mnaouliza kuhusu Wi-Fi 6, yaani toleo la sita la waifai, kubana umeme, ni kweli ila siyo vile mnavyoambiwa. Kuna kitu kinaitwa TWT (Target Wake Time), ruta inapatana na kifaa muda wa kuamka, muda mwingine kifaa kinalala na chaji inadumu. Anayelala ni kifaa jamani, ruta yenyewe iko macho, na kifaa nacho lazima kiwe kinaikubali TWT.

UPS hii naipa alama nzuri, ila geuza ruta usome chini kwanza, kuna za volti 9 na za volti 12, ukikosea tundu la UPS unaweza kuiunguza ruta. Nenda na ruta yako dukani, muuzaji aziunganishe halafu achomoe waya ukutani mbele yako, ruta ikizima na kuwaka upya hata mara moja, mrudishie UPS yake.