Udzungwa: safari hii nimewaona mangabei wa Sanje

Kama unapanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ukifika tu Mang'ula, penye lango la hifadhi, sema waziwazi kwamba umekuja kuwaona mangabei wa Sanje, aina ya kima. Wageni wengi wanaomba maporomoko ya Sanje, basi na wewe ukinyamaza utaenda huko huko, utapiga picha, utaondoka. Mnyama ambaye dunia nzima anapatikana kwenye milima hii tu utakuwa umempita. Mimi mara ya kwanza nilimpita, na iliniuma nilipokuja kujua.

Safari hii nilikwenda na mdogo wangu na mwanawe wa miaka kumi na tatu. Tulitoka Morogoro kwa basi la Ifakara. Mikumi mjini linakata kushoto kuelekea Kidatu, na kutoka hapo hadi Mang'ula ni kama kilomita 60. Ukishapita Kidatu, upande mmoja ni miwa na upande mwingine ni mlima wenye msitu unaokujia hadi karibu na barabara. Kaa dirishani upande wa kulia.

Kitu kimoja kilituharibia asubuhi. Mtu aliyetuandalia safari alituambia tutazunguka kwa gari kama Mikumi. Si kweli. Udzungwa hakuna kuzunguka kwa gari, ni mguu mwanzo mwisho, na huingii msituni bila mwongozaji. Mdogo wangu alikuja na sendozi za ngozi, ikabidi tutafute raba za mtumba pale Mang'ula kabla ya kuingia. Kwa hiyo njoo na raba zenye meno, suruali ndefu na soksi za kuchomekea suruali, maana siafu wapo. Malipo yanapitia benki au simu kwa namba ya malipo, kwa hiyo usitegemee pesa ya mkononi, na uwe na salio tayari.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mtulivu. Kabla hatujaanza alituuliza kama kuna mwenye mafua au kikohozi. "Mama, ugonjwa wako mdogo kwao unaweza kuwa mkubwa," aliniambia. Akatuomba tusile chochote mbele yao, tusiwasogelee, na tukikutana nao tusiwakazie macho. Nilipenda kwamba haya aliyasema mwanzo, tukiwa bado tunamsikiliza.

Tulipanda kwa muda wa kama saa mbili na nusu ndani ya msitu wa Mwanihana. Njiani mbega wekundu walituangalia kutoka juu, wamekaa mikia ikining'inia. Hao nao wana makao yao katika milima hii, na ndio waliosababisha mangabei ajulikane. Mwaka 1979 watafiti walikuwa hapa kwa ajili ya mbega, wakasikia mlio wasioutambua. Wataalamu wa nje hawakuwa na habari za mnyama huyo kabisa. Watu wa kijiji cha Sanje walikuwa wanamjua siku zote na jina lake wanalo: ngolaga. Mwongozaji aliposema hivyo yule mtoto alilishika, na tangu hapo hakuita mangabei tena.

Tukausikia mlio wenyewe kabla ya kuwaona. Unaanza na sauti moja nene inayopanda, panakuwa kimya kidogo, halafu unafuata mkoromo wa haraka haraka, kama maji yanayotoka kwenye chupa iliyopinduliwa. Mwongozaji akainua mkono, tukasimama. Akatuelekeza tukae chini kwenye mizizi, tusubiri.

Nilikuwa natazama juu kwenye miti. Akanigusa bega akaonyesha ardhini. Mangabei muda mwingi anatafuta chakula chini, na walikuwa wanakuja huku wanafukua majani makavu. Ukiwasikia utadhani kuku wengi wanachakura.

Jike mmoja alikaa mbele yetu, hatua kama kumi na tano. Manyoya ya kijivu, uso mweupe wenye wekundu kidogo kama wa mtoto mchanga, na nywele za utosini zimesimama kishungi. Alifunua majani kwa mkono wa kushoto, akaokota kwa mkono wa kulia, akanusa, akatupa. Akaokota kingine, akakifuta kwenye mkono wake, akakisukumia shavuni. Shavu lilikuwa limeshavimba upande mmoja, maana wana vifuko vya kuhifadhia chakula. Kisha akatoa kokwa moja akaiuma kwa meno ya pembeni. Ule mlio wa kokwa kupasuka niliusikia hadi kifuani. Alipofumba macho, kope zake zilikuwa nyeupe kuliko uso. Mgongoni mwake kulikuwa na mtoto anayeng'ang'ania, mkia mwembamba kama kamba ya kiatu.

Tulikaa nao karibu saa nzima. Hao ni kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti, ndiyo maana hawakimbii. Wengine msituni humo hutawaona, utawasikia tu. Na wapo siku ambazo hata kundi hili linakuwa mbali sana, mteremko mkali, mnarudi bila kitu. Atakayekuhakikishia asilimia mia anataka pesa yako. Tenga siku mbili, usibane yote kwenye asubuhi moja.

Wakati wa kushuka nilimuuliza kijana kuhusu kuni, kwa sababu nilikuwa nimeona akina mama wamebeba mafungu kando ya barabara. Alinieleza kwamba zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini kuokota kuni kavu, na 2011 ikasimamishwa. Nimelifikiria sana hilo. Hifadhi ilitangazwa 1992, mimi nimekuja nimefurahi nikaondoka, lakini anayeishi ukingoni mwa msitu ndiye anayetafuta mbadala wa kupikia kila siku. Ndiyo maana nawasihi mkifika Mang'ula laleni pale pale, kuleni kwa mama lishe wa pale, nunueni ndizi na maji pale. Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida, safi, chandarua hakina tundu, asubuhi chai na chapati. Mlitaka nini zaidi?

Siku ya pili tulikwenda Sanje. Maporomoko ni mazuri kweli, yanashuka kwa hatua tatu, jumla zaidi ya mita 170, na maji ni ya baridi ya kukata pumzi. Yameshasifiwa vya kutosha. Mimi nitataja mandhari ya juu tu: bonde lote la Kilombero liko chini yako, na unaona msitu unapoishia. Unaishia kama umekatwa kwa rula, na hapo hapo mashamba yanaanza.

Mwongozaji alikuwa ametueleza kwamba mangabei wamebaki katika misitu miwili tu, huu wa Mwanihana na ule wa Uzungwa Scarp, mbali upande wa kusini, na katikati kuna mashamba na makazi ya watu. Mtoto akaangalia lile bonde kwa muda, akanigeukia.

"Mama mkubwa, ngolaga wa huku wakitaka kwenda kwa wenzao wa kule wanapita wapi?"

Nikamtazama kijana. "Hawapiti, mdogo wangu," alisema. Mtoto akauliza tena, kwani miti haiwezi kupandwa? Wakashuka wanazungumza hilo hadi chini, mimi na mama yake tukiwafuata nyuma, tunashikilia mizizi.